Kununua saa ya mstatili ambayo haijavaliwa: kwa wanaoanza

Tank ya Cartier na Reverso ya Jaeger-LeCoultre iliyotoka mwaka 1931 zina sifa kubwa kuliko saa nyingine za mstatili, lakini bei zake hazimfai mtu anayejifunza. Ninawashauri wanaoanza wazitafute saa za kampuni ya Hamilton zilizotengenezwa Lancaster, Pennsylvania, Marekani, kati ya miaka ya 1930 na 1950, kwa sababu zilitoka kwa wingi na bado zinapatikana. Mapema sana mtakutana na muuzaji anayeapa kwamba saa yake haijawahi kuguswa na mkono wa mtu. Huenda anasema kweli, ila saa iliyochakaa ikisuguliwa vizuri nayo hung'aa, kwa hiyo mng'ao usiwe ndio ushahidi wenu.

Angalieni pembe kwanza. Makasha mengi ya saa hizo si dhahabu tupu bali ni madini ya kawaida yaliyovikwa tabaka la dhahabu, na tabaka hilo huanza kulika kwenye pembe za nyuma na kwenye ncha zinazoshika mkanda, yaani pale panaposuguana na ngozi na mkono wa shati. Mulikeni taa kutoka ubavuni na mtumie lenzi ya mara kumi: rangi ya shaba ikichungulia, hata kwa upana wa uzi, saa hiyo imevaliwa. Pembe zikiwa butu bila shaba kuonekana, kasha limesuguliwa kwa mashine, na hilo kwangu ni baya zaidi, kwa kuwa dhahabu iliyoondolewa hairudi. Kagueni pia upande wa ndani wa ncha hizo, ambako vijiti vya mkanda huacha mikwaruzo kila vinapotolewa na kurudishwa.

Kisha ombeni picha ya ndani. Mafundi saa walikuwa na desturi ya kukwaruza alama ndogo au tarehe nyuma ya kifuniko kila walipoihudumia saa, kwa hiyo alama tatu au nne haziafikiani na dai la muuzaji; vivyo hivyo vichwa vya skrubu vilivyochubuka. Uso wa saa ukiwa na maandishi mazito yasiyolingana, au pengo dogo lililochongwa ukingoni, yaelekea umechapishwa upya. Boksi na kitambulisho cha bei havithibitishi lolote, maana huuzwa peke yake.

Mkiipata iliyo safi kweli, msiitie ufunguo kujaribu kama inatembea. Mafuta yaliyowekwa kiwandani yamekwisha kuganda, na kuilazimisha mashine kuzunguka ikiwa kavu ni kuila. Mpelekeeni fundi aisafishe na kuitia mafuta mapya. Kazi hiyo haiishushi thamani, tofauti na kusugua kasha. Mwambieni asikwangue rangi ya mishale na tarakimu zilizotengenezwa zing'ae gizani, kwa kuwa za miaka hiyo zilikuwa na radiamu, ambayo hubaki na mionzi hata baada ya mwanga wake kufa, na vumbi lake ni hatari likivutwa puani.

Makasha haya kwa kawaida hufungwa kwa kubanwa tu, bila mpira wa kuzuia maji. Anayeishi Mombasa au Dar es Salaam aihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na avibadilishe vinapojaa.