Kusoma kumbukumbu za seva kwa cat

Uliuliza kama kusoma faili la kumbukumbu za seva kwa amri ya cat, inayomwaga maandishi ya faili moja kwa moja kwenye skrini, kunaweza kuleta madhara, ilhali ni maandishi tu. Kunaweza. Moduli ya mod_rewrite, inayobadilisha anwani za wavuti ndani ya Apache (programu ya seva ya wavuti), katika matoleo ya 2.2 kabla ya 2.2.25 la mwaka 2013, iliandika kwenye kumbukumbu yale aliyotuma mgeni bila kuchuja herufi zisizochapika, hivyo mshambuliaji aliweza kupenyeza mfuatano unaoanza na herufi ya ESC (herufi isiyoonekana inayoanzisha maagizo kwa skrini), ambao terminali ya msimamizi, yaani dirisha lake la kuandikia amri, huweza kuutii badala ya kuuonyesha. Mstari mpya, ambao katika anwani ya wavuti huandikwa %0a, ukifumbuliwa kuwa mstari halisi kabla ya kuandikwa kwenye kumbukumbu huzaa tukio la uongo, na hilo hunitia hofu zaidi, kwa kuwa uchunguzi wote hutegemea mistari hiyo. Badala ya cat tumia less, amri ya kusoma faili ukurasa kwa ukurasa, bila chaguo la -r linalopitisha herufi hizo zilivyo, nayo itakuonyesha ESC waziwazi.