Mashine ya ribiti haijafa, imejaa uchafu tu

Mafundi wenzangu, leo naongelea hiki kidude cha mkono cha kupigia ribiti (vile vipini vya kuunganishia bati), kile cha kubana kama koleo, maana nimeona watu wengi wanakitupa kikiwa bado kizima kabisa na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nimeshatupa viwili. Cha tatu ndo ninacho mpaka leo na nimekitumia miaka mingi kuliko hivyo viwili ukivijumlisha, na siyo kwamba ni kizuri zaidi, ni cha kawaida tu, tofauti ni kwamba hiki nilikifungua.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nafunga bawaba kwenye mfuniko wa sanduku la vifaa, ribiti kumi na mbili tu, kazi ya muda mfupi. Ya tano ikaanza kugoma. Nabana, mkono wa mashine unafika mwisho, msumari (ule waya mrefu ulio katikati ya ribiti, unaovutwa mpaka ukatike) hauvutwi, unateleza tu. Nabana tena, unateleza. Ukiuangalia ule msumari unaona una mikwaruzo lakini haujashikwa. Nikasema basi meno yameisha, nikawa tayari kuitupa kama zile nyingine, halafu nikajiuliza sasa hivi hiki kidude ndani kina nini hasa? Nikakifunga kwenye vaisi, nikachukua ule ufunguo wa bati unaokuja nacho, nikafungua shingo ya mbele.

Aisee. Ndani mna vitu vichache sana, kuna kikombe chenye umbo la koni, kuna meno mawili (nyingine zina matatu) yanayokaa ndani ya hiyo koni, kuna kisukumio na springi nyuma yake, basi. Ukibana, kile kikombe kinarudi nyuma na ile koni inayalazimisha meno yabane msumari, kadiri unavyovuta ndivyo yanavyozidi kubana. Sasa ya kwangu meno yalikuwa hayana meno! Yalikuwa yamejaa unga mweusi wa aluminiamu na grisi vimeshikana kama ugoro uliolowa, ule mfereji wote umezibwa, yanabaki laini kama kijiko. Nikachukua mswaki wa waya na mafuta ya taa, nikasugua, kumbe chini yake makali yako vizuri kabisa. Nikarudisha, ribiti nane zilizobaki zikapigwa moja baada ya nyingine bila ubishi. Nikakumbuka zile mbili nilizotupa, roho ikaniuma.

Kwa hiyo hapo kwenye usafi nikae kidogo maana ndo penyewe. Kabla hujatoa chochote piga picha kwa simu, meno yanakaa upande mmoja tu, ile ncha nyembamba inaangalia mbele kwenye pua (kile kipande cha mbele chenye tundu la kupitishia msumari), ukiyageuza mashine haitafanya kazi na utahisi umeharibu. Sugua upande wa makali mpaka uone mistari yenyewe, kisha UKAUSHE. Mafuta hayawekwi kwenye makali, nasisitiza maana nimeona mtu anachovya meno mazima kwenye oili halafu analalamika mashine inateleza, itaachaje kuteleza? Mafuta yanakaa mgongoni kwa meno, pale yanaposuguana na koni, tone moja tu la oili nyepesi au grisi kidogo kwenye ncha ya kidole, na hiyo grisi ina faida nyingine, inayashikilia meno yasidondoke wakati unarudishia, maana vile vidude vikidondoka chini utavitafuta kwa magoti na sumaku. Tone jingine weka kwenye pini za mikono. Mimi nafungua kila nikimaliza kazi kubwa, au nikiona msumari umeteleza mara mbili mfululizo, sisubiri ya tatu.

Ukishasafisha na bado inateleza, na ukiyaangalia makali yamekuwa duara kabisa, hapo kweli yameisha, lakini kuna mashine ambazo meno na springi zinauzwa peke yake kwa hiyo ulizia kwanza kabla ya kununua nyingine. Na springi nayo huwa inachoka, ikilegea haisukumi meno mbele vizuri, msumari unaingia lakini haudakwi mapema.

Jambo la pili ni pua. Mashine nyingi zinakuja na pua nne, za ribiti za kipenyo cha 2.4, 3.2, 4.0 na 4.8mm, moja iko mbele na zingine zimefungwa kwenye mwili wa mashine, watu wanazichukulia kama urembo. Ribiti ya 3.2 msumari wake una kama 1.8mm, ya 4.8 msumari wake unakaribia 2.7, sasa ukipiga ya 3.2 na pua ya 4.8 tundu la pua ni kubwa, msumari unacheza, kichwa cha ribiti kinakandamizwa vibaya na wakati mwingine kinavutwa kidogo kuingia kwenye pua, unapata ribiti yenye nundu katikati. Kubadilisha ni dakika moja. Na ukibadilisha kaza, pua ikilegea meno hayafunguki vizuri, unaishia kugongagonga mashine mezani ili itoe msumari uliokatika.

Halafu hili nalo, ukitaka msumari uingie, fungua mikono mpaka mwisho. Mwisho kabisa. Pua ndo inayoyasukuma meno yafunguke na inafanya hivyo mikono ikiwa wazi tu. Wanaoanza wengi wanafungua nusu wanaanza kuusukuma msumari kwa nguvu wanaupinda.

Tundu. Ribiti ya 3.2 toboa 3.3, ya 4.8 toboa 4.9, yaani liwe kubwa kidogo sana tu, ribiti iingie bila kugongwa na isicheze. Biti iliyopinda au mkono unaoyumba unatoboa tundu la yai, na tundu la yai hakuna ribiti inayolijaza, italegea baada ya muda na utasikia kelele ya bati. Ukishatoboa toa zile ndimi za chuma zinazobaki kwenye ukingo wa tundu pande zote mbili kwa biti kubwa zaidi, zungusha kwa mkono tu, maana ndimi zikibaki katikati ya bati mbili hazitalala pamoja hata ubane vipi. Mimi naweka klampu, natoboa la kwanza napiga, natoboa la mwisho napiga, ndo narudi katikati. Ukianzia upande mmoja ukaenda moja kwa moja, ukifika mwisho matundu hayalingani, hilo nimelipata zaidi ya mara moja na lawama zote ni zangu. Na usikaribie ukingo wa bati, acha angalau mara mbili ya unene wa ribiti.

Urefu wa ribiti, pima unene wa bati zote zikiwa zimebanwa pamoja halafu ongeza kama mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, au soma kwenye boksi, kuna namba za kuanzia unene gani mpaka gani. Ikiwa fupi nyuma haitanuki, ikiwa ndefu sana inajikunja vibaya au msumari unakatika kabla bati hazijabanwa. Kama nyuma kuna kitu laini, plastiki au ngozi, weka washa, la sivyo itapasua.

Kuhusu aina, ribiti za aluminiamu mashine ya mkono inazimudu vizuri. Za chuma za 4.8 utazipiga chache kisha kiganja kitakuambia, na za stenlesi za saizi hiyo mi sijisumbui tena, natumia ile yenye mikono mirefu ya kushika mikono miwili, maana nilishawahi kuulazimisha mkono wa ile ndogo kwa kuuchomekea bomba, pini ikapinda. Na kitu kitakachokaa kwenye maji au unyevu usifunge bati la aluminiamu kwa ribiti ya chuma cha kawaida wala bati la chuma kwa aluminiamu bila kupaka rangi katikati, vyuma viwili tofauti vikilowa pamoja kimoja kinaliwa, na ribiti ikiwa ndiyo inayoliwa utakuta imegeuka unga mweupe.

Ukibana, pua ikae flati kwenye bati, sukuma kidogo mbele huku unabana, usiivute mashine kuja kwako. Mkono ukifika mwisho kabla msumari haujakatika usishtuke, fungua mikono, sukuma mashine ishuke mpaka iguse tena kichwa, bana tena. Msumari ukikatika utapiga "ta!" na hapo miwani iwe machoni, kuna siku kipande kilinipita karibu na nyusi.

Ukikosea, usiing'oe kwa patasi, utapanua tundu. Gonga kipande cha msumari kilichobaki kishuke kwanza, halafu toboa kichwa kwa biti saizi ileile ya tundu, kichwa kitabaki kimevaa biti kama kofia. Ribiti ikianza kuzunguka na biti, ibane kwa nyuma na koleo, kama nyuma hapafikiki kandamiza kichwa kwa ncha ya bisibisi pembeni huku unatoboa taratibu.

Na ile misumari iliyokatika weka kopo chini ya meza uitumbukize humo humo, mi niliacha kuiangusha sakafuni siku niliyoikanyaga na ndala.