Shokapu za nyuma hazimalizi msimu: nichukue zipi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Land Cruiser HZJ79 iliyorefushwa, ya kubeba wageni saba. Njia yangu ni Arusha, Karatu, Ngorongoro hadi Seronera, mara mojamoja Natron. Shokapu za mbele hazinisumbui, ila za nyuma hazimalizi msimu. Mara mbili nimekuta jicho la shokapu (ile pete ya kufungia bolti) limekatika, mara ya tatu oili imevuja hadi kwenye rimu. Mwaka jana niliongeza majani mawili (vile vipande virefu vya chuma vinavyopangwa pamoja) kwenye springi za nyuma kwa sababu gari likijaa lilikuwa linakaa chini. Sasa dukani nimeonyeshwa aina tatu: za oili za kawaida, za gesi zenye mwili mnene, na zile zenye kitungi cha pembeni ambazo bei yake ni karibu mara nne. Muuzaji ananiambia nichukue ngumu kuliko zote. Nisikilize?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimsikilize bado. Umetaja mambo mawili kama vile hayahusiani, na mimi naona ni jambo moja: jicho linalokatika na yale majani mawili.

Shokapu iliyouawa na joto huvuja. Sili imeungua, oili imetoka, lakini chuma chenyewe kizima. Jicho likikatika, hapo kuna kitu kinaivuta shokapu. Na ukikuta fimbo imepinda, jua inagongwa kwa chini, yaani ni ndefu mno ikifungwa. Zako zinavutwa. Ulipoongeza majani, bodi ilipanda na ekseli ikabaki chini, lakini nina hakika uliendelea kununua shokapu za urefu uleule wa kiwandani. Gari likiwa tupu, shokapu imeshafunguka karibu yote. Tairi likiingia shimoni, ekseli na difu na tairi mbili vinataka kushuka zaidi, na kinachovizuia ni shokapu. Umeigeuza mnyororo. Hata ukinunua ile ya mara nne ya bei, kwa urefu huo itakatika vilevile, tena itakuuma zaidi.

Kwa hiyo ingia chini ya gari na futi. Gari likiwa tupu mahali tambarare, pima kutoka katikati ya bolti ya juu hadi katikati ya bolti ya chini. Kisha piga jeki chasisi, uiweke kwenye stendi, fungua shokapu za sasa upande wa chini zisiizuie ekseli, tairi zote mbili za nyuma zining'inie, upime tena. Shokapu mpya ikifunguka yote iwe ndefu kuliko kipimo hicho kwa sentimita 2 hivi. Rudisha gari chini, upime nafasi kati ya ekseli na ule mpira wa kuizuia isigonge chasisi. Itoe kwenye kipimo cha kwanza. Shokapu ikifungwa yote iwe fupi kuliko jibu hilo, na utoe sentimita 3 zaidi kwa sababu mpira nao hubonyea. Shokapu zimelala kidogo, kwa hiyo hesabu haitatoka sawasawa, lakini kosa lake liko upande wa usalama. Namba hizo mbili, urefu wa kufunguka na wa kufungwa, zimo kwenye katalogi ya kila kampuni inayojiheshimu. Duka likishindwa kukuonyesha, hama duka.

Sasa ugumu. Watu wengi wananunua shokapu ngumu wakidhani itainua gari. Shokapu haibebi mzigo, anayebeba ni springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka: pistoni inalazimisha oili ipite kwenye matundu madogo ya vali, na ile nguvu ya kuruka inageuka joto. Basi.

Ukiweka ngumu kupita springi yako, kwenye rasta, yaani vijituta vinavyofuatana barabarani, kama zile za kutoka lango la Naabi kwenda Seronera utapata ugonjwa mwingine. Springi imebonyea kwenye tuta la kwanza, inataka kufunguka, shokapu inaichelewesha, tuta la pili limefika. Inabonyea tena kabla haijarudi. Baada ya mita mia kadhaa gari limekaa chini kama limebeba saruji, linagonga mpira kila mara, na wageni wanakuuliza kama gari ni zima. Dereva anasema springi zimechoka, anaongeza jani. Nimeona gari lenye majani kumi na tatu kwa njia hiyo, likiwa tupu linaruka kama mkokoteni.

Badala ya kuuliza ngumu au laini, pata uzito. Pitisha gari mzani, ekseli ya nyuma peke yake, mara mbili: likiwa na dereva tu, na likiwa limejaa wageni, mabegi, dizeli na maji. Gari lako halijawahi kuwa tupu kwa maana ya kiwandani. Paa la kufunguka, viti, friji, tairi mbili za akiba, ule urefu ulioongezwa, vyote ni mzigo wa kudumu. Kwa namba hizo, nakushauri ununue seti kamili ya springi za nyuma zilizotengenezwa kwa uzito huo, na shokapu zenye vali zinazolingana nazo. Majani ya kuchomeka yaliyotoka kwenye gari jingine yana unene wake na mkunjo wake. Moja linabeba, jingine linasindikiza.

Kwa upande wa aina, za oili tupu waachie wa mjini. Kwenye barabara ndefu ya vumbi oili inachanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Katika hizo tatu ningechukua zenye gesi na mwili mnene, za bomba mbili. Oili ni nyingi, naitrojeni inaizuia isifanye povu, na jiwe likibonyeza bomba la nje kidogo pistoni bado inapita kwenye la ndani. Nitrocharger za Old Man Emu ni za ukoo huu. Za foam cell, kama zinazouzwa na Tough Dog na Ironman 4x4, huweka sponji maalumu mahali pa gesi, nazo zinafaa kazi hii.

Kuna za bomba moja, Bilstein wana jina kubwa hapo. Zinapoa vizuri kuliko za bomba mbili kwa sababu oili inagusana na ukuta wa nje moja kwa moja. Ila ukuta huohuo ndio njia ya pistoni: jiwe moja la barabara ya Natron likiubonyeza, shokapu imekwama. Ukizitaka, weka kinga ya bati. Za kitungi cha pembeni ni nzuri kweli kwa mashindano. Hifadhini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na paipu yake ikisuguliwa na chasisi ukiwa Ndutu hakuna wa kukusaidia. Hiyo pesa ipeleke kwenye springi.

Upepo wa tairi nao ni sehemu ya shokapu, ingawa madereva hawapendi kusikia. Ukitembea lami na upepo wa PSI 45, ukiacha lami pale lango la Loduare shusha hadi thelathini na kitu kulingana na mzigo, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami. Ukisimama Naabi, sogeza mkono karibu na kila shokapu, uguse kwa haraka sana, maana joto linaweza kupita nyuzi 100. Iliyo baridi wakati pacha wake anachoma ndiyo iliyokufa. Na usiimwagie maji ile ya moto.

Siku ya kufunga, badilisha zote mbili za nyuma kwa pamoja. Za bomba mbili zimelazwa stoo muda mrefu, hewa imehama. Zisimamishe wima zilivyokaa kwenye gari, uzivute na kuzisukuma mara nne au tano mpaka zisikike hazina pengo. Bolti za bushi, ile mipira ya ndani ya jicho, usizikaze tairi zikiwa zinaning'inia. Shusha gari lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo bushi inabaki imesokotwa na haitamaliza mwezi. Kaza tena baada ya safari ya kwanza.

Kabla hujalipa, niandikie vipimo vitatu na uzito wa ekseli. Na zile shokapu zilizokatika usizitupe, nataka kuona jicho lilikatikia wapi.