Barua kwa mwanangu: kwa nini watu hutetea kinachowaumiza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako kuhusu insha unayoandika nimeisoma. Unauliza hivi: kama hegemonia ni wanyonge kukubali kuongozwa na wenye nguvu bila kushikiwa bunduki, je, hilo si jina la heshima tu la kudanganywa? Mwenzako wa darasani anasema ndiyo. Mimi nasema hapana, na ukiikosa tofauti hiyo utajaza kurasa kuhusu propaganda ukidhani unaandika kuhusu hegemonia.

Mtu aliyeipa dhana hii uzito wake wa leo ni Antonio Gramsci, mzaliwa wa Sardinia, aliyekuwa kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia na mbunge alipokamatwa na serikali ya Mussolini Novemba 1926. Gerezani, kuanzia 1929, aliandika madaftari zaidi ya 30. Swali lililomkera lilikuwa la vitendo kabisa. Mapinduzi yalifaulu Urusi mwaka 1917. Mbona Italia yalishindwa, ilhali mwaka 1920 wafanyakazi walikuwa wameviteka viwanda? Jibu lake ni kwamba Urusi serikali ndiyo iliyokuwa kila kitu, na ilipoanguka hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Ulaya Magharibi serikali ilikuwa handaki la mbele tu. Nyuma yake zilisimama ngome nyingine: makanisa, shule, magazeti, vyama, klabu. Humo ndimo watu walimozoea kuuona mpangilio uliopo kuwa ndivyo dunia ilivyo.

Sasa tuje kwenye kudanganywa. Uongo mtupu haudumu, kwa sababu kila siku mtu anaupima kwa maisha yake mwenyewe. Kundi linalotaka kuongoza, si kutisha tu, hulazimika kutoa kitu halisi. Gramsci alilisisitiza hili na wengi wanaomtaja hulipita mbio: anayeongoza hukubali kupoteza kiasi fulani kwa faida ya wanaomfuata, mradi hasara hiyo isiguse kiini cha mamlaka yake. Kwa hiyo ukitaka kuichunguza hegemonia yoyote, tafuta vitu viwili kwa wakati mmoja: kilichotolewa, na kilichokatazwa kuguswa.

Chukua Ujerumani ya Otto von Bismarck, kansela wake, yaani mkuu wa serikali. Mwaka 1878 ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku jumuiya, mikutano na magazeti ya wasoshalisti. Kisha ikaja bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini 1884, na pensheni ya uzee na ulemavu 1889, ya uzee ikilipwa kuanzia umri wa miaka 70. Zisome sheria hizo pamoja, maana ukisoma moja moja utamwona ama dikteta ama mfadhili. Bima ilikuwa ya kweli. Mfanyakazi aliyeugua alilipwa, na hapo hakudanganywa hata kidogo. Lakini nani anamiliki kiwanda, na nani anamteua kansela, hayo hayakuguswa.

Tena angalia kwamba mwanzoni hesabu ilikataa. Katika uchaguzi wa 1890 wasoshalisti walipata kura nyingi kuliko chama kingine chochote, na mwaka huohuo ile sheria ya marufuku ikaachwa ikafa. Ridhaa hailipiwi mara moja ikaisha. Lakini tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa chama hichohicho waliidhinisha mikopo ya kugharimia Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vya Kaisari, mfalme wa Ujerumani. Hofu ya jeshi la Urusi ilichangia, usiifiche. Hata hivyo, kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na miaka 24 ya shule, ya utumishi wa jeshini, ya bima, na ya chama chenye ofisi, magazeti na waajiriwa ambavyo vingepotea vyote kikipigwa marufuku tena. Kwangu mimi huo ni mfano bora kuliko hotuba yoyote ya dikteta. Chama kilichoahidi kuupindua mfumo kilijikuta nacho kina cha kupoteza ndani yake.

Katika utamaduni kazi hii hupita kwenye fikra za mazoea, yale ambayo mtu huyasema bila kuhitaji kuyathibitisha. Ni mchanganyiko wa methali, mabaki ya dini, masomo ya shuleni na habari za jana, na ndani yake ukweli upo. Anayesema “mwenye bidii hufanikiwa” amewaona kwa macho yake watu wa namna hiyo. Tatizo limejificha kwa wale waliojitahidi na wasifike popote: kwa kauli hiyo wanahesabiwa wavivu, na mara nyingi wao wenyewe ndio wa kwanza kujilaumu. Hapo hakuna msemaji wa serikali aliyetumwa. Mama, mwalimu na jirani wamefanya kazi yote, tena kwa nia njema.

Baina ya mataifa kipimo ni kilekile. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, Marekani, kupanga mfumo wa fedha wa dunia, na sarafu zikafungwa kwenye dola ya Marekani, nayo dola ikafungwa kwenye dhahabu kwa dola 35 kwa aunsi. Marekani ilitoa mikopo na ikafungua soko lake. Kisichoguswa kilikuwa sauti yake ya mwisho: hadi leo maamuzi makubwa ya Shirika la Fedha la Kimataifa, lililotokana na mkutano huo, huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 15, kwa hiyo inaweza kuyazuia. Agosti 1971 Rais Nixon aliivunja ahadi ya dhahabu, na bado benki kuu ziliendelea kuweka akiba kwa dola. Ahadi ilikufa, mazoea na mikataba vikabaki.

Kosa ninaloliogopa zaidi katika insha yako ni kuuchukulia ukimya kuwa ridhaa. James Scott, mtafiti Mmarekani, aliishi miaka ya mwisho ya 1970 katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Malaysia. Mbele ya matajiri, maskini walikuwa wapole na wenye adabu. Wakiwa peke yao waliwasengenya, na kazini walizembea makusudi au kuiba mpunga kidogo kidogo. Hao hawakuwa wamekubali. Walikuwa wamepima hatari. Ukiishia kwenye yanayosemwa hadharani, utaiona hegemonia hata pale palipo na woga mtupu. Kosa la pili, dogo kidogo, ni kuiandika kana kwamba imekamilika na haina nyufa. Ingekuwa hivyo, isingehitaji kurudiwa kila siku katika vitabu vya shule na matangazo.

Basi fanya hivi. Chagua kauli moja tu ambayo katika jamii unayoichunguza hakuna anayebishana nayo. Fuatilia ni taasisi zipi huirudia, na kwa nani. Orodhesha wanachopata wale wanaoikubali, kwa kiasi na kwa tarehe. Kisha tafuta kilichowapata waliokataa: kufukuzwa kazi, kuchekwa, au kufungwa? Kucheka na kufunga si kitu kimoja. Kadiri unavyokuta magereza mengi zaidi, ndivyo uongozi ulivyopungua na mabavu yalivyobaki peke yake. Mwisho sikiliza watu hao wanasema nini mkubwa wao akitoka chumbani. Sehemu hiyo ndiyo ngumu, maana haimo kwenye maktaba, kwa hiyo ianze mapema.

Ukimaliza sura ya kwanza niletee niisome kabla hujamkabidhi mwalimu.

Ni mimi,
Mama yako