Oili ya esta ikimwagwa pwani, huoza kweli?

Umeuliza kama oili ya mashine ya boti iliyotengenezwa kwa esta za asidi za mafuta (yaani asidi za mafuta zilizounganishwa na alkoholi), ambayo kopo lake limeandikwa "huoza upesi majini", inaweza kumwagwa pwani hapo Wete. Usiimwage, ndugu yangu.

Maandishi yale aghalabu yanatokana na kipimo cha maabara kiitwacho OECD 301, cha shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi. Wanatia esta kidogo kwenye chupa yenye maji, madini na bakteria wa maji taka, wanaifunga na kuikoroga siku 28, huku wakipima oksijeni inayoliwa. Ili ipite, lazima ifike asilimia 60 ya oksijeni ambayo ingeliwa kama esta yote ingeoza, tena ndani ya siku 10 tangu ivuke asilimia 10. Kupima kaboni iliyoyeyuka majini badala ya oksijeni hakufai hapa: esta hizi haziyeyuki vizuri, zikinata kwenye kuta za chupa utadhani zimeshaoza. Kwa maji ya bahari kuna kipimo chake, OECD 306.

Esta za methili za mafuta ya mimea kwa kawaida hupita, kwani bakteria hukata kifungo cha esta, kisha hutafuna mnyororo wa asidi ya mafuta, kaboni mbili mbili. Esta ambazo mnyororo wake una matawi mengi huchelewa.

Lakini kwenye matope ya mikoko oksijeni ni haba mno, na hiyo iliyopo ndiyo ya kaa na samaki wachanga. Isitoshe, oili iliyokwishatumika ina chembe za chuma na masizi, ambavyo haviozi asilani. Itie kwenye dumu, ulifunge barabara, uwapelekee wanaokusanya oili chafu.