Mkono Umeuma Ghafla Usiku: Uangalie Kabla ya Kuukanda

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu wa kiume ana miaka 15. Likizo hii amekuwa akitoka na ami yake na mashua. Juzi usiku aliamka akilia, mkono wa kulia wamchoma kutoka kiwikoni hadi vidoleni, na vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi. Hakuanguka wala hakugongwa. Asubuhi akapata nafuu, usiku wa pili maumivu yakarudi. Mavyaa asema ni baridi ya bahari imeingia mshipani, tumpeleke akakandwe. Nifanyeje? (Mama wa Langoni, Lamu)

JIBU: Waaleikumu salaam, mama. Mkandaji asubiri kwanza. Mavyaa wako ameona sawa kwamba shida ni ya mshipa, ila Kiswahili chetu kina mzaha wake hapa: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu na kano, vyote twaviita mshipa. Huu wa mwanao, kwa ulivyoeleza, yaelekea ni wa fahamu, yaani neva.

Vidole viwili ulivyovitaja ndivyo vinavyotuonyesha njia. Neva inayohudumia kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ndiyo hiyo mtu akijigonga kiwiko mlangoni huhisi kama amepigwa na umeme. Mkono ukikunjwa sana, neva hiyo huvutika na kubanwa. Sasa fikiria kijana anavuta jarari, kamba ya kupandishia tanga, na kupiga pondo, mti wa kusukumia mashua, mchana kutwa, kisha usiku anashika simu usoni saa mbili nzima, na mwisho analala mkono umekunjwa chini ya kichwa. Neva haipumziki hata saa moja. Ndiyo maana maumivu huja usiku na kupungua asubuhi anapounyoosha mkono.

Mpime hivi. Akunje kiwiko mpaka mwisho, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, akae hivyo dakika moja. Ganzi ikija kwenye vidole vile vile, jawabu liko kiwikoni. Halafu ashike karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, nawe uivute. Tazama kidole gumba: kikijikunja ncha ili kuizuia karatasi isitoke, wakati cha mkono wa pili hakifanyi hivyo, misuli imeanza kupungua nguvu. Hapo mpeleke kwa daktari wiki hii hii. Kadhalika ikiwa ganzi haiondoki hata mchana.

Kama nguvu ipo, dawa yake ni kuuzuia mkono usikunjike usingizini. Chukua taulo la kuogea, lizungushe kiwikoni, sehemu nene ikae mbele, pale mkono unapokunjikia. Lifunge kwa leso bila kukaza: kidole chako kipite chini ya fundo. Mkono utakunjika kidogo tu, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Wengi huanza na usiku wa kwanza, wakiona nafuu wanaacha, na baada ya siku tatu maumivu yamerudi. Neva hupoa polepole. Endelea wiki 3 hadi 6. Jarari na pondo aviache wiki 2, na asiegemeze kiwiko mezani wala kwenye baraza. Simu aiweke juu ya mto, asiishike hewani.

Kwa maumivu, parasetamoli yatosha. Kijana wa kilo 50 humeza kidonge kimoja hadi kimoja na nusu cha miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16.

Ingekuwa ganzi iko kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, tungetafuta mbano kwenye kifundo cha mkono. Ingekuwa ameamka kifundo kimelegea, hawezi kuinua kiganja, tungeuliza kama alilalia mkono. Huo mara nyingi hupona wenyewe kwa wiki kadhaa, ila daktari auone. Na maumivu makali ya bega yanayofuatwa na mkono kukosa nguvu baada ya siku chache, hayo usiyatibu nyumbani hata kidogo.

Kwa nini nazuia kukanda? Neva iliyovimba ikisuguliwa huzidi kuvimba. Ikiwa chini yake kuna ufa wa mfupa usioujua, kukanda huusogeza. Na mkono mzima ukivimba na kugeuka rangi ya samawati baada ya kazi nzito ya kunyanyua juu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kukanda kwaweza kuling'oa donge likasafiri hadi mapafuni.

Kwa hiyo kabla hujaamini neno langu lolote, angalia mkono wenyewe. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Linganisha joto la mikono yote miwili. Mkono ukiwa wa baridi na umepauka, au maumivu yakipanda sana unapovinyoosha vidole vyake taratibu, hasa kama alivunjika akafungwa vibao au plasta iliyobana, ni dharura. Misuli iliyokosa damu huanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Fungua kitambaa au vibao vilivyobana papo hapo. Uliyeko mjini Lamu waweza kufika hospitali ya King Fahd kwa haraka. Aliyeko Faza au Pate asingoje maji yajae ndipo apite mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, atafute boti ya kuzunguka nje.

Jambo la pili ni homa. Homa pamoja na sehemu moja ya mfupa inayouma ukiibonyeza yaweza kuwa usaha ndani ya mfupa, na huo wataka hospitali siku hiyo hiyo. Homa na maumivu ya vifundo vya mikono yote miwili, vidole na miguu, ni habari nyingine: watu wa Lamu hawajasahau chikungunya ya mwaka 2004, iliyoletwa na mbu wanaozaliana kwenye mapipa na matangi ya maji ya nyumbani. Ukishuku homa ya aina hiyo usimpe ibuprofeni mpaka dengi iondolewe shaka, maana dengi huleta kutoka damu.

Na kama mwanao hajawahi kupimwa selimundu (siko seli), apimwe. Huku kwetu pwani ni ugonjwa wa kawaida, na maumivu ya ghafla ya mifupa bila kuumia ndiyo sura yake. Mwenye selimundu akipata homa haangojwi mpaka asubuhi.

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 alianguka akicheza mpira wa mikono, akajitegemeza kwa kiganja. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, tukaambiwa ameteguka tu. Leo ni siku ya 9 na hawezi kufungua kifuniko cha chupa. (Baba wa Shella, Malindi)

JIBU: Mwambie anyanyue kidole gumba juu. Kwenye shina lake, upande wa kifundo, patatokea kijishimo. Kibonyeze. Kikiuma hapo, mhesabu amevunjika mfupa mdogo ulio chini yake hata kama picha ilikuwa safi. Ufa wake mara nyingi hauonekani siku za mwanzo. Picha irudiwe kati ya siku ya 10 na 14, na muombe zile za kulenga mfupa huo. Damu yake huingilia upande wa mbali, wa kuelekea vidoleni, kwa hiyo ukivunjika ukaachwa bila kutulizwa, kipande cha ndani chaweza kufa na kifundo kikauma maisha yote.

Maumivu yakiwa juu kidogo ya kifundo, kwenye mwisho wa mfupa mkubwa wa upande wa gumba, shuku gegedu la kukulia, yaani tabaka laini ambalo mfupa hurefukia. Katika umri wake bado halijafunga, na gegedu halionekani kwenye eksirei.

Kwa sasa arudi afungwe banzi linaloshika kifundo na kidole gumba pamoja. Bangili na pete zitoke leo, kabla uvimbe haujazikamata. Kombeo la leso likunjwe pembetatu, kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko, fundo liwe ubavuni mwa shingo na si juu ya uti wa mgongo.

SWALI: Kijana wa miaka 16 amechomwa na mwiba wa tafi akitoa samaki wavuni. Maumivu yapanda hadi kwapani. Tumtie barafu? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Barafu hapana. Sumu ya tafi, kama ya samaki aitwaye taa, huharibiwa na joto. Atie mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, mkiyabadilisha yanapopoa. Maji uyapime kwa mkono wako wewe, kwa kuwa uliochomwa hauwezi kutambua joto na mtamuunguza. Msifunge kamba juu ya jeraha. Kisha toeni mabaki ya mwiba yanayoonekana, muoshe kwa sabuni na maji safi, na achomwe sindano ya pepopunda ikiwa ya mwisho imepita miaka 5. Mstari mwekundu ukianza kupanda mkono siku inayofuata, au ncha ya mwiba ikibaki karibu na kiungo cha kidole, mpelekeni hospitali.