Kwa mwalimu anayekimbizana na azimio la kazi

Mara tu baada ya upimaji wa kitaifa wa Darasa la IV kumalizika mwaka 2025, mwalimu mmoja kijana anayefundisha shule ya kijijini aliniandikia ujumbe mrefu ulioanza kwa "Shikamoo mwalimu" na kuishia kwa swali ambalo naamini wengi wenu mmekwisha kujiuliza: afanye nini ili amalize muhtasari, yaani orodha rasmi ya yale somo linalotaka yafundishwe, kwa wakati, ilhali watoto aliokabidhiwa hawajashika hata nusu ya yale waliyopaswa kuja nayo kutoka madarasa ya chini? Mthibiti ubora, yaani afisa anayekagua shule, alikuwa amepita shuleni kwake, akalinganisha azimio la kazi, ule mpango wa mwalimu wa nini atafundisha wiki gani, na daftari za wanafunzi, kisha akaandika kwamba mwalimu yuko nyuma kwa wiki kadhaa. Nilimjibu kwa maneno machache siku ile ile, lakini jambo lenyewe linahitaji nafasi kubwa kuliko ujumbe wa simu, na kwangu mimi lina historia.

Nilianza kufundisha mkoani Mwanza wakati mtaala wa 2005 ungali mpya shuleni. Mtaala ule ndio uliotuambia kwamba tuache kukaririsha maarifa na badala yake tujenge umahiri, yaani mtoto apimwe kwa kile anachoweza kukifanya. Maneno hayo yalikuwa mazuri, na bado ni mazuri. Hata hivyo, kilichoongoza ratiba ya shule yetu hakikuwa mtaala bali mtihani wa Darasa la VII. Kulikuwa na somo la Haiba na Michezo, lililopewa vipindi vyake rasmi kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani mwa ofisi, nami nililifundisha kwa miaka kadhaa nikiwa naliona likiliwa kipindi baada ya kipindi na Hisabati, kwa sababu halikuwa likitahiniwa na hakuna mzazi aliyewahi kuja kuuliza matokeo yake. Nilipolalamika, niliambiwa niwe na shukrani kwa kupunguziwa mzigo. Tangu hapo nimeamini kwamba mtaala wa taifa huingia darasani kupitia mlango wa mtihani, na kile ambacho hakipiti mlango huo hubaki kwenye karatasi, hata kikiwa kimeandikwa kwa hekima namna gani.

Mabadiliko ya 2015 kwa Darasa la I na la II yalikuwa ya namna nyingine, na hapo lazima niseme ukweli kwamba yalinisaidia sana. Masomo yalipunguzwa, na sehemu kubwa ya muda ikarudishwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Watoto wangu wengi walikuwa wakija shuleni na Kisukuma tu, lugha isiyo na sauti ya "r", hivyo wakiandika "balua" na "habali" bila kuona kosa lolote. Chini ya mpangilio wa zamani, nisingeweza kumkalisha mtoto mmoja akasikiliza tofauti ya sauti hizo mbili, kwa maana darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 90, na kipindi cha dakika 30 ukikigawa sawasawa kwa idadi hiyo kila mmoja anapata chini ya sekunde 20. Mpangilio mpya haukunipunguzia watoto, lakini ulinipa ruhusa ya kurudia jambo moja kwa siku nyingi bila kuonekana mvivu. Mwalimu mwenye ruhusa hiyo hufanya maajabu.

Ndipo ukaja mtaala wa 2023, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024 kwa Elimu ya Awali, Darasa la I, Darasa la III na Kidato cha I cha mkondo wa amali kwa pamoja. Hapa naomba msomaji anifuatilie kwa makini, kwa sababu ndipo lilipo jibu la yule kijana. Katika mtaala wa 2015 mtoto alianza kujifunza Kiingereza akiwa Darasa la III. Katika mtaala mpya anaanza Darasa la I. Sasa fikiria watoto walioingia Darasa la III mwaka 2024: walipita Darasa la I na la II chini ya utaratibu wa zamani, bila Kiingereza kwenye ratiba yao, wakakutana na muhtasari wa Darasa la III ulioandikwa kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kukisoma kwa miaka miwili. Hakuna mwalimu aliyesababisha pengo hilo wala mtoto aliyelisababisha. Lilitokana na namna mtaala ulivyoanza kutumika kwa madarasa mawili ya msingi kwa wakati mmoja. Watoto hao hao ndio watakaomaliza shule ya msingi wakiwa Darasa la VI mwaka 2027 pamoja na kundi la mwisho la Darasa la VII, jambo ambalo wazazi wananiuliza kila ninapokutana nao sokoni kana kwamba mimi ndiye niliyelipanga.

Mwaka 2024 nilipewa Kiingereza cha Darasa la III. Kitabu cha kiada kilitufikia muhula ukiwa umeshasonga, hivyo nilisoma nakala ya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwenye simu yangu, kwa bando langu, usiku. Baada ya kuwapima watoto kwa mazungumzo ya kawaida niliamua kwamba majuma ya mwanzo sitafungua kitabu kabisa. Tuliimba, tukatajana majina ya vitu vilivyomo darasani, tukaamrishana kusimama, kukaa, kufungua mlango na kuleta chaki, hadi watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya wenzao wakaanza kugombania kutoa amri. Kisha ndipo nikaanza shughuli za muhtasari, nikiwa nimechelewa kwa hesabu ya azimio lakini nikiwa na darasa linalonisikia.

Nilikaripiwa kwa hilo. Nilikaripiwa mbele ya walimu wenzangu, wengine wakiwa nimewapokea mimi walipotoka chuoni, na kiongozi aliyenikaripia hakuingia darasani hata kwa dakika moja kusikiliza watoto wanasema nini. Alihesabu kurasa tu. Nafasi ya mwalimu wa taaluma, anayesimamia masomo shuleni, iliyokuwa wazi wakati ule ilikwenda kwa mwingine, na sababu niliyoisikia pembeni ni kwamba "huyu mama haendi na ratiba". Sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau. Walipofika Darasa la IV mwaka 2025, watoto wale walikuwa wakisoma aya ya Kiingereza na kuieleza kwa maneno yao, na mimi niliombwa kuongoza kipindi cha jumuiya ya kujifunza ya walimu chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), mada ikiwa namna ya kuziba mapengo ya wanafunzi. Niliongoza kwa furaha, ingawa nilichelewa kidogo kuanza, makusudi.

Kwa hiyo, mwanangu, ushauri wangu ni huu. Soma muhtasari wenyewe kabla ya kufungua kitabu cha kiada. Anza na umahiri mahususi, kisha nenda moja kwa moja kwenye vigezo vya upimaji, kwa sababu hapo ndipo mtaala unaposema waziwazi mtoto aweze kufanya nini. Ukishaelewa hilo utagundua kwamba shughuli mbili au tatu za kujifunza zinaweza kuunganishwa katika kipindi kimoja, na muda unaoupata ukautumia kwa yale ambayo watoto hawakuja nayo. Wapime watoto mwanzoni mwa muhula, kabla ya kuandaa azimio, si baada yake. Usianze na kitabu. Kitabu kimoja kimeandikwa kwa ajili ya Kigoma, Mtwara na Mjini Dar es Salaam kwa pamoja, nacho hakimjui mtoto wako. Anza na kigezo cha upimaji, halafu mtazame mtoto, halafu ndipo ufungue kitabu.

Nanyi walimu wenzangu mlio wakongwe, tuache kuwatisha vijana kwa neno "kumaliza". Tangu uhuru nchi hii imebadilisha mitaala mara kadhaa, 1967, 1979, 1997, 2005 na sasa 2023, na katika kila badiliko mwalimu aliyesoma waraka mwenyewe aliteseka kidogo kuliko yule aliyengoja kusimuliwa kwenye semina. Haki ya mtoto kuelewa imeandikwa ndani ya mtaala huo huo tunaoutumia kama fimbo ya kumkimbiza.

Kuhusu mthibiti: safu ya maoni kwenye azimio la kazi haikuwekwa kwa ajili ya kuandika "limefundishwa" pekee. Andika ulichokikuta ulipowapima watoto, andika ni shughuli zipi umeziunganisha na kwa nini, na utunze karatasi za upimaji wako wa mwanzo zikiwa na tarehe. Mimi mwaka ule sikuwa na karatasi za kuonyesha kwa sababu niliwapima kwa mdomo. Mwaka uliofuata nilikuwa nazo, na mthibiti aliyekuja alizisoma, akauliza maswali mawili, akasaini.

Uliniuliza pia kama ununue yale maazimio na maandalio ya masomo yaliyokwisha kujazwa, yanayouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Usinunue. Niliwahi kuonyeshwa moja lililokuwa limepanga kipindi cha Hisabati katika wiki ambayo shule zote zilikuwa likizo.